Mdudu Ndani ya Wekundu

Shati lilikuwa ndani ya mfuko wa karatasi ya kaki, na mfuko ulikuwa juu ya meza, kati ya watu wawili ambao hakuna hata mmoja wao aliyetaka kuutazama.

"Rudia," alisema Mkaguzi Zaruhi Tonakanyan.

"Nimekwisha kurudia, Bi Mkaguzi. Nikirudia tena nitaanza kujisahihisha sarufi."

Profesa Yeznik Aslikyan alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye pua iliyowahi kuvunjwa ikapona upande. Alifundisha historia ya maneno katika chuo kikuu cha Yerevan, na tangu juzi alikuwa mahabusu katika kituo hiki cha polisi, akituhumiwa kumuua Melkon Dabaghyan, mtia rangi wa kijiji cha Aghahogh. Watu wa bonde zima la Ararat walimwita marehemu Varpet, jina wapewalo mabingwa wa kazi za mikono, kwa kuwa ndiye aliyefufua wekundu wa mababu, ule unaopikwa kutokana na mdudu wa ardhi ya chumvi. Alikutwa juzi asubuhi amelala kifudifudi kando ya sufuria yake, kisogo kimepasuliwa kwa mwiko wa kukorogea. Mtu wa mwisho kuonekana akitoka mlangoni pake alikuwa profesa huyu, ambaye walikuwa wametukanana magazetini kwa miaka, na mkono wa shati lake ulikuwa na doa kubwa la rangi ya damu ya mzee.

Maabara ilikwisha kusema kwamba doa lile si damu, ni rangi ya kutilia nguo. Jibu hilo halikumsaidia mshukiwa. Asubuhi hiyo Kanali Budaghyan, mkuu wa kituo, alikuwa amesimama mlangoni kwa Zaruhi na kofia yake mkononi. "Rangi inamweka kando ya sufuria," alisema. "Marehemu alifia kando ya sufuria. Unataka nini zaidi, picha yao wakiwa wamekumbatiana? Varpet anazikwa leo alasiri. Nataka saini yako kabla jeneza halijatoka nyumbani. Jioni gari la gereza linakuja kumchukua mtu wao."

Nje ya dirisha watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Hawakupiga kelele. Walisimama tu, wakisubiri kutajiwa jina ambalo tayari walikuwa nalo.

"Siku ile mligombania nini?" Zaruhi aliuliza.

"Neno."

"Watu hawauani kwa ajili ya neno, Profesa."

"Hujawahi kukaa kwenye mkutano wa wanaisimu."

Zaruhi hakucheka. Alisubiri, kalamu mkononi.

"Karmir," alisema Profesa. "Nyekundu. Varpet aliwaambia watoto wa shule kwamba neno hilo lilizaliwa hapa, kwenye chumvi yetu, pamoja na mdudu wetu. Mimi niliandika kwamba tulilichukua kwa watu wa Uajemi ya kale. Kwao kirm ni mdudu, funza. Waarabu nao wakalibeba kwa njia yao, wakasema kirmizi. Waitalia, Wafaransa, Waingereza, kila mmoja akaondoka na kipande chake. Nusu ya dunia ikitaja wekundu mzito inamtaja mdudu bila kujua. Na sisi tukisema vordan karmir, wekundu wa mdudu, tunamtaja mara mbili, kama mtu anayemwita mgonjwa asiyeitika."

"Na kwa hilo wakakuvunja pua."

"Pua na vioo vya gari. Mvunja pua alikuwa mwanafunzi wangu mwenyewe. Nilikuwa nimempa alama nzuri."

"Siku ile, nauliza. Majirani wamesikia kelele, halafu kicheko."

"Mimi ndiye niliyecheka. Alichota rangi kwa kikombe akanirushia. Hilo ndilo doa lako. Nikatoka, nikapanda basi la Yerevan, nikashushwa na askari kabla sijafika."

"Ulicheka nini?"

Profesa aliutazama mfuko wa karatasi kwa mara ya kwanza. "Hilo sisemi. Nikisema leo, utaandika kwamba namchafua maiti ili nijiokoe, na wale walioko nje wataniua kabla ya gari kufika. Nenda karakana. Macho unayo."

Zaruhi aliunyanyua mfuko, akaugeuza kwenye mwanga. Shati lilikuwa limetiwa humo likiwa bado na unyevu, na rangi ilikuwa imeipenya karatasi ikaacha alama ya waridi, kavu, yenye ukingo safi. Aliitazama alama hiyo kwa muda, kisha akautia mfuko kwenye mkoba wake na kumwita Sajini Hrachik alete gari.

*

Hrachik alizaliwa Aghahogh, na kwa sababu hiyo alijiona ana haki ya kumkamata yeyote wa Aghahogh.

"Mimi ningeanza na Tatul," alisema, akilikwepa gari la zabibu lililosimama katikati ya barabara. "Mabwawa yake ya samaki yananyonya maji yote ya chini. Ardhi ya chumvi imekauka, matete yamekufa, wadudu wamebaki wa kuhesabu. Varpet alimpeleka mahakamani. Sababu anayo, pesa anazo, na shingo nene anayo."

"Shingo nene si ushahidi."

"Ile ni ushahidi, Mkaguzi. Wewe hujaiona."

"Juzi asubuhi alikuwa wapi?"

Hrachik alikohoa. "Kanisani. Anambatiza mjukuu."

"Nani kamwona?"

"Kijiji kizima. Na mama yangu." Alibadilisha gia. "Basi, si Tatul. Lakini inauma."

Karakana ya Varpet ilikuwa mwisho wa kijiji, mahali nyumba zinapokoma na ardhi inaanza kuwa nyeupe. Askari wa zamu aliondoa utepe wakaingia. Mwanga ulitoka kwenye dirisha moja la juu. Mafungu ya sufu yalining'inia darini, mekundu ya kila kiwango, kuanzia rangi ya shavu la mtoto hadi ile nzito inayokaribia weusi. Ukutani kulikuwa na picha ya Varpet na askofu, wameshika pamoja pazia la madhabahu. Pazia lile lilifunguliwa kanisani wakati wa Pasaka, na watu walilia kwa fahari.

Zaruhi alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria ya shaba. Ilikuwa imepoa tangu juzi. Juu ya wekundu palikuwa pameganda tabaka la mafuta ya manjano, nene kama lile linaloganda juu ya supu ya miguu ya ng'ombe iliyolala. Harufu yake ilimfanya Hrachik arudi nyuma.

"Mama yangu! Hii ni rangi au ni maiti mwingine?"

"Ulipoletwa hapa na shule, kulikuwa na harufu hii?"

"Hapana. Kulikuwa na harufu ya siki."

"Na Varpet alituimbisha nini sote shuleni?"

Hrachik alijibu bila kufikiri, kwa sauti ya kitoto ambayo hakuitarajia mwenyewe. "Mafuta kwanza, rangi baadaye."

Hakukuwa na mtu aliyekulia bonde lile asiyejua wimbo huo. Mdudu wa ardhi ya chumvi amejaa mafuta. Bingwa humkausha, humloweka, humwondolea mafuta yote, ndipo humtia sufuriani. Vinginevyo sufu haishiki rangi. Zaruhi alichovya upawa wa kuchukulia vielelezo, akaimwaga rangi juu ya kipande cha karatasi ya kaki, aina ile ile ya mfuko wa shati, akakiweka juu ya meza ya dirishani. Kando yake aliuweka mfuko wenyewe. Wakasubiri.

Alama ya shati ilibaki kama ilivyokuwa, ya waridi na kavu. Kwenye karatasi mpya mafuta yalianza kutambaa kuizunguka rangi, yakatanuka, na karatasi ikawa inapitisha mwanga kama kioo kichafu.

"Sufuria hii moja," alisema Zaruhi. "Asubuhi hiyo moja. Profesa alirushiwa rangi kutoka humu, na haikuwa na mafuta. Tulipofika sisi, mafuta yalikuwa yamejaa. Nini kiliingia kati?"

Alivua glavu moja, akavaa nyingine ndefu, akapitisha vidole chini ya tabaka lile. Alipoutoa mkono, wadudu walikuwa wameshikana kiganjani, wazima, wamevimba, kama punje za komamanga zilizochemshwa.

"Hawa hawakukaushwa," alisema Hrachik polepole. "Wametupwa wabichi."

"Wametupwa hai. Varpet asingefanya hivyo hata akiwa mlevi. Na Profesa alikuwa kwenye basi, na doa lake halina mafuta. Wadudu hao waliletwa na nani?"

"Akina mama. Huu ndio msimu wao. Mdudu hutoka ardhini alfajiri za vuli tu, jua likipanda anarudi. Wanaokota wote, halafu Nvard anamimina wa kila mmoja kwenye kopo moja la udongo na kulileta." Alionyesha kizingiti. "Lakini haingii. Hakuna anayeingia sufuria ikiwa motoni, rangi itashikwa na jicho la husuda. Mama yangu angekupiga kama ungejaribu. Nvard huweka kopo lililojaa hapo, huchukua lile tupu la jana, huenda zake. Makopo ni mawili tu. Moja likiwa kwake, jingine liko kwa Varpet."

Zaruhi alikwenda kizingitini akachutama. Jiwe lilikuwa na duara lililochubuka na kulainika kwa kuwekewa chombo kile kile kwa miaka mingi. Juu yake hapakuwa na kitu.

"La juzi liko wapi?"

"Labda vijana wetu walilibeba."

"Nimeandika vielelezo mwenyewe. Halimo."

Alianza upya kuikagua karakana, pembe baada ya pembe, kama kwamba hakuna aliyewahi kuingia. Chanja za kukaushia wadudu zilikuwa nyuma ya mlango. Utando wa buibui ulikuwa umezifunga zote kwa pamoja, na juu ya utando vumbi lilikuwa limelala bila kuguswa. Hakuna mdudu aliyekaushwa pale vuli hii, wala vuli iliyopita, wala ile ya kabla yake. Chini ya marobota ya sufu alikuta sanduku. Ndani yake mlikuwa na gunia, limetumika zaidi ya nusu. Yaliyobaki yalikuwa vipunje vikavu vya kijivu, vyepesi kama pumba, na juu ya gunia ilichapwa picha ya mmea wa miiba wa dungusi na jina la bandari iliyoko ng'ambo ya bahari kubwa.

Hrachik aliponda kimoja baina ya vidole. Vidole vikawa vyekundu.

"Hiki ni nini?"

"Mdudu wa dungusi. Hana mafuta. Anauzwa kwa kilo kwa mtu yeyote." Zaruhi aliinua macho kwenye picha ya pazia la madhabahu, kisha akayashusha. "Hilo ndilo lililomchekesha Profesa."

"Hapana," alisema Hrachik. "Hapana, Mkaguzi. Mama yangu ana magoti mabovu kwa sababu ya wadudu wale. Kila vuli. Kama Varpet alikuwa anapika hiki, basi wa mama yangu walikwenda wapi?"

Hakusubiri jibu. Alitoka kwa mlango wa nyuma, na Zaruhi alimsikia akikanyaga matete makavu kuelekea mfereji. Hatua zikakoma. Alipomfikia, alimkuta amesimama penye bomba la maji machafu. Ukingo wa mfereji chini ya bomba ulikuwa na ganda jeusi, tabaka juu ya tabaka, kama mashudu ya zabibu yanayomwagwa nje ya kiwanda cha konyaki. Hrachik alivunja kipande kwa ncha ya kiatu. Ndani kilikuwa chekundu, cha wadudu walioshindiliwa.

*

Moshi wa tanuri ulionekana tangu njiani. Uani kwa Nvard wanawake wawili walikuwa wakioka mikate ya lavashi kwa ajili ya chakula cha matanga. Nvard, mjane aliyewaongoza waokotaji tangu mwanzo, alikuwa ameketi kwenye ukingo wa shimo la tanuri, akiubandika unga uliokandwa kwenye kuta zake kwa mto wa nyasi. Jirani yake Shoghik alisukuma unga na kuzungumza.

"Karibuni, karibuni, mmekuja na njaa au na pingu?" alisema Shoghik. "Hrachik, mwanangu, umenenepa. Serikali inakulisha nini?"

"Shikamooni, mama zangu," alisema Hrachik, na sauti yake ilimfanya Shoghik aache kusukuma.

Nvard alifuta mikono kwenye aproni. "Mkaguzi jan, mpendwa, keti. Mkate huu wa moto, chukua. Mmemfungulia kesi yule wa Yerevan?"

"Bado. Nimebakiwa na mambo madogo madogo. Juzi mliokota?"

"Tuliokota. Walikuwa wachache. Hata nusu ya kopo hatukufikisha, wanawake wote."

"Na wewe ukapeleka."

"Kama siku zote. Nikaweka kizingitini, nikaondoka. Siingii mimi. Hakuna aingiaye."

"Ulimwona Profesa?"

"Nilisikia sauti. Sikukaa kusikiliza maneno ya watu."

"Kopo uliliweka, basi."

"Nililiweka."

Zaruhi aligeuka kwa Shoghik, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu. "Makopo yenyewe yakoje? Nataka kuyaandika."

"Ya udongo, yana uzi mwekundu shingoni. Si hayo hapo juu ya rafu?" Shoghik alinyoosha mti wake wa kusukumia. "Yote mawili. Jana nilimwambia, Nvard, unayasugua nini kama unataka kuyaoza waume? Na msiba huu, anasugua makopo."

Ndani ya tanuri mkate ulibanduka ukaanguka kwenye makaa, ukaanza kuungua.

Shoghik alitazama rafu, akamtazama Nvard, akatazama tena rafu. "Mimi sijasema kitu," alinong'ona. "Nimesema tu ni mawili."

"Moja lilitakiwa liwe kwake," alisema Zaruhi.

Nvard aliuopoa mkate ulioungua kwa kulabu, akauweka kando, si pamoja na ile mizuri. Kisha alitoka ukingoni mwa tanuri, akaketi kwenye kigoda kwa shida, goti moja kwanza, la pili baadaye.

"Nilifika pale na yule wa Yerevan yumo ndani," alisema. "Anapiga kelele: unapika mdudu wa dungusi, unawauzia jina tu. Nikasema moyoni, mbwa huyu. Kwanza alituibia neno, sasa anataka kutuibia rangi. Nikajibanza. Nikamsikia Varpet hakatai. Yule akacheka, akatoka na shati lake limelowa. Mimi nikabaki na kopo mkononi."

"Ukaingia."

"Nikaingia. Maishani mwangu sijawahi kuvuka kizingiti kile. Nikamuuliza, Varpet, ni kweli? Akanijibu vizuri kabisa, kwa upole. Angenitukana nisingefanya kitu. Akasema, Nvard jan, maumivu yako yawe yangu, wadudu wenu hawatoshi kutia rangi hata soksi. Miaka mingi hawatoshi. Nikamwambia, kwa hiyo tunaokota cha nini? Akasema, wageni wanapenda kuwaona mmeinama alfajiri, na mlima ule nyuma yenu. Picha inatoka vizuri."

Shoghik alijifunika mdomo kwa kitambaa cha kichwa.

"Unajua ni majike tupu tunaowaokota?" Nvard alimuuliza Zaruhi. "Wanatoka na mayai tumboni. Wanatafuta mahali pa kuyaweka. Mwaka mmoja nilimwambia, Varpet, wanapungua, tuwaache mwaka huu wazae. Akasema taifa halipumziki. Nikarudi, nikawaambia wenzangu, inameni. Mimi ndiye niliyewaambia. Hata huyu Shoghik alipotoka hospitali nilimwambia, inama." Alitazama mikono yake. "Nikamimina kopo lote sufuriani. Nikasema, wapike hawa! Wapike leo, nikuone! Akasema, mwanamke, umeniharibia sufu. Akageuka kutazama sufu yake. Mwiko ulikuwa karibu."

"Kwa nini ulilibeba kopo?" aliuliza Hrachik. Alikuwa analia bila kujificha.

"Sijui, mwanangu. Siku zote narudi na kopo."

*

Kanali Budaghyan alisoma taarifa ile akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi. Kengele ya kanisa ilikuwa imeanza kulia kwa ajili ya jeneza.

"Sawa," alisema. "Mwanamke alipandwa na hasira. Inatokea. Andika hivyo, mwachie yule mwehu kwa mlango wa nyuma. Gunia usiliandike."

"Gunia ndilo sababu."

"Sababu ni hasira. Unajua lile pazia lilitiwa rangi na nini, kama haya yako ni kweli?"

"Najua."

"Askofu analijua?"

"Atalijua kwenye hati ya mashtaka."

"Zaruhi jan." Kanali alishusha sauti. "Leo wanamzika mtu mkubwa. Kesho watoto wa shule wataniuliza. Niwaambie nini?"

"Nvard Galustyan ana miaka ya kufungwa mbele yake, Kanali. Bila gunia, yeye ni mwanamke aliyemuua mzee kwa ajili ya sufu. Hakimu anatakiwa aone alichokiona yeye." Alilibandika gunia karatasi ya namba, akaliweka mezani, juu ya jalada. "Ukitaka kuliondoa, liondoe kwa mkono wako na uweke saini. Yangu nimekwisha kuitia."

Kanali hakuligusa. Hakumtazama pia. "Toka," alisema.

Profesa Aslikyan alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, amerudishiwa mkanda na saa, mikono magotini. Zaruhi alimweleza kwa maneno machache. Profesa alisikiliza mpaka mwisho, na badala ya kufurahi alijikunja kama mtu aliyepigwa mahali palipokwisha kuvunjika.

"Alikuwa amesimama nje? Alinisikia?"

"Alikusikia."

"Nilicheka," alisema. "Mbele ya mlango ule, nilicheka."

Kutoka upande wa mbele zilisikika sauti. Habari ilikuwa imetoka kwamba msaliti anaachiwa, na jiwe la kwanza liligonga bati la dirisha. Hakuna aliyetaka kusikia habari nyingine.

Hrachik alitokea kwenye kona akimwongoza Nvard. Hakumtia pingu, alikuwa amemshika kiwiko, jinsi mtu anavyomshika mama yake penye barafu. Ukumbi ulikuwa mwembamba, na Profesa alisimama ili wapite. Nvard naye akasimama. Walitazamana, wawili waliochukiana kwa miaka mingi bila kuwahi kuzungumza.

"Wewe ndiye msomi," alisema Nvard. "Niambie kweli, nami sina tena wa kumwambia. Neno lile ni letu au si letu?"

Zaruhi alimwona Profesa akitafuta jibu la huruma, na akamwona akilikosa.

"Neno tuliliazima, mama," alisema. "Aliyekuwa wetu ni mdudu."

Nvard aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyetajiwa bei aliyokuwa akiijua. Kisha aligeukia mlango ambao Hrachik alikuwa amekwisha kuufungua, akauinua mguu juu sana, kana kwamba anavuka kizingiti kile.